UZI: Tangawizi kwenye grinhausi huku kwenye baridi. Joto liwekeni chini kwenye udongo, na majira ya baridi iacheni ilale

MwanaMersey

Wadau habari za wakati huu. Kila ikifika Januari maswali ni yaleyale kwenye magrupu ya Waswahili tulioko Uingereza, mara tangawizi yangu imegeuka njano nifanyeje, mara nimeongeza hita ya pili lakini majani bado yanakauka, kwa hiyo nimeona nifungue uzi mmoja tuyaweke yote hapa na mwenye nyongeza aongeze. Mimi niko Liverpool, nina grinhausi ya vioo nyuma ya nyumba, ndogo tu ya futi 6 kwa 8, na tangawizi ndiyo mmea ninaoupenda kuliko yote humo ndani.

Kitu ambacho nataka kieleweke kabla ya mengine yote ni kwamba tangawizi ina usingizi wake. Hata huko inakolimwa na jua la kutosha, ikifikisha miezi 8 mpaka 10 majani yanageuka njano, mashina yanalala, na kilichobaki ni kile kilichoko ardhini kinachopumzika kikisubiri mvua. Sasa huku usingizi huo unaangukia Novemba na Desemba, na mtu badala ya kuuheshimu anawasha hita usiku na mchana ili majani yabaki kijani. Mchana wa Liverpool katikati ya Desemba ni kama saa saba na nusu tu za mwanga, tena mwanga wenyewe wa mawingu, kwa hiyo mmea unakuwa na joto lakini hauna chakula, unaanza kula akiba yake uliyoiweka chini. Maana yake unalipa umeme ili tangawizi yako ikonde.

Grinhausi kwa tangawizi haikuwekwa ipigane na Januari. Kazi yake ni kukurefushia msimu pande mbili, kule mwanzo kuanzia Februari mpaka Mei, na huku mwisho Septemba na Oktoba. Na huo mwisho ndio watu wengi wanaupuuza kabisa. Tangawizi inasikiliza urefu wa mchana. Juni mchana wetu unafika saa 17 na mmea unatoa mashina na majani tu, unapanda juu mpaka unafurahi, ukichimbua chini unakuta kadogo. Siku zikianza kufupika ndipo inapeleka nguvu chini na kunenepa. Sasa siku zinafupika wakati uleule baridi inaingia, na mtu Septemba anasema msimu umeisha anazima kila kitu, wakati ndiyo wiki zenyewe za kunenepesha! Kama umeme wako ni wa kubana, ubane Desemba na Januari, Septemba na Oktoba upe tangawizi joto lake usiku.

Na joto nalosema mimi ni la udongo. Hita ya feni inapasha hewa, hewa inapanda kwenye paa la kioo inatoka, chungu kinabaki baridi, ni sawa na mtu aliyevaa koti zito akatembea peku kwenye theluji. Weka mkeka wa umeme wa joto chini ya vyungu au waya wa joto kwenye boksi la mchanga, weka na themostati (kidhibiti cha joto), kisha zungushia sehemu hiyo nailoni ya mapovu upate kichumba ndani ya grinhausi. Kuchipusha unataka udongo uwe nyuzi 25 hadi 28. Mmea ukishakua, usiku udongo usishuke chini ya 15, ikishuka hapo haufi ila unasimama tu. Chini ya 12 kwa muda mrefu unaumia kwa ndani hata kama huoni kitu, na barafu ikiugusa ndiyo basi tena.

Ratiba yangu: Februari mwishoni nachagua vipande vya tangawizi vyenye macho (pale chipukizi linapotokea) yaliyovimba, vinene, ngozi inayong'aa, visivyo na mikunjo. Nakata kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, uzito wa gramu 30 hadi 60 hivi, halafu naviacha siku kadhaa mahali pakavu penye hewa mpaka lile jeraha la kisu lifunge ngozi. Kipande kibichi kikiingia kwenye udongo wenye maji kinaoza, hakuna cha kujadili hapo. Vinaingia kwenye trei la kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) yenye unyevu kidogo tu, ukiibana mkononi isitoe maji, trei linakaa juu ya mkeka, na unasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko zote, wiki 4 mpaka 8 ni kawaida, na wengi hapo katikati wanaingiwa na wasiwasi wanamwagia maji, basi wameiua. Kipande kisicho na mizizi hakinywi maji jamani.

Mei nahamishia kwenye vyungu vipana, sentimita 35 au 40 upana, kina 30 kinatosha. Tangawizi inatambaa kwenda pembeni na juu, haina haja ya ndoo refu. Najaza chungu nusu, naweka kipande, nafunika sentimita 5, na kadiri mashina yanavyopanda naongeza udongo. Angalia pale shina linapotokea, ukiona kitako chake kimekuwa cha waridi na kinachungulia nje, ongeza udongo. Karibuni.

Mama Shadya

Ahsante sana kaka, huu uzi ulikuwa unahitajika. Mimi niko Reading. Yangu iko kwenye grinhausi, ina mashina kama kumi, haijakauka ila majani mapya yanatoka na rangi ya njano katikati na mishipa inabaki kijani. Nimeweka mbolea ya maji kila wiki hakuna mabadiliko. Na ni Julai hii, joto lipo. Tatizo nini?

MwanaMersey

Dada yangu, hiyo karibu nina uhakika ni maji. Reading na kusini yote ile maji ya bomba yana chokaa nyingi, angalia birika lako la chai tu ndani utaona ukoko mweupe. Sisi Liverpool maji yetu ni laini yanatoka Wales na huko kwenye maziwa ya kaskazini, ndiyo maana sikuligusa kwenye maelezo yangu. Tangawizi inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 mpaka 6.5, sasa chokaa ikijikusanya kwenye chungu pH inapanda na madini ya chuma yanafungwa, yapo lakini mmea hauwezi kuyachukua. Mbolea utaweka mpaka uchoke. Kinga maji ya mvua, weka pipa kwenye mfereji wa paa la grinhausi, na kwa sasa mpe madini ya chuma yale ya kilati (yaliyotengenezwa ili mmea uweze kuyachukua hata chokaa ikiwepo) ya kuchanganya na maji, majani yaliyokwisha kuwa njano yanaweza yasirudi vizuri ila angalia yanayokuja.

Na pipa liwe ndani ya grinhausi kama nafasi ipo. Maji ya baridi kali yakimwagwa Machi kwenye chungu cha nyuzi 25 unarudisha nyuma kazi yote ya mkeka.

Mama Shadya

Alhamdulillah nimekuelewa. Pipa lipo tayari, lilikuwa la maua ya mume wangu, naanza kesho.

Mpare wa Myamba

Nasoma huku nashangaa, tangawizi kuwekewa umeme chini kama kifaranga! Mimi niko Same, huku kwetu Mamba Myamba milimani tangawizi ndiyo uchumi wetu, watoto wamesomeshwa na hiyo, na kiwanda cha kusindika tuko nacho. Mbegu tunahifadhi wenyewe, maji tunayo ya mifereji, na wazee walituachia ndiva za kukusanyia maji usiku tukafungulia asubuhi.

Mkuu MwanaMersey umeeleza vizuri ila umesahau matandazo. Huku mtu akipanda bila kufunika tuta na nyasi kavu au majani ya migomba tunamuona hajui kazi. Matandazo yanashika unyevu, udongo haupati moto mchana wala baridi usiku, na mizizi ya tangawizi iko juujuu sana, jua likiipiga moja kwa moja inakauka. Nadhani hata kwenye vyungu vyenu itasaidia. Na kivuli, sisi tunachanganya na migomba, tangawizi haipendi jua la utosi.

MwanaMersey

Mkuu umenena, na nashukuru sana kupata mtu wa Myamba humu. Kwenye matandazo nakuunga mkono kabisa, chungu changu kinafunikwa majani makavu kuanzia Juni, hakikisha tu hayagusi shina lenyewe maana huku hewa ya ndani imefungwa na ukungu unaanzia hapo.

Kivuli, kwa huku ni suala la wiki chache. Juni na Julai kioo kinaweza kupandisha joto mpaka nyuzi 40 saa 7 mchana ukiwa umekwenda kazini, na tangawizi ikipita 35 hivi majani yanajikunja kama bomba na ncha zinaungua. Mimi natundika neti ya kivuli ile ya asilimia 30 upande wa kusini, nafungua dirisha la paa na mlango. Agosti katikati naitoa neti, mwanga wote uliobaki nauhitaji.

Nuru_Leeds

Samahani kidogo MwanaMersey, mimi sikubaliani na hii ya kuilaza. Yangu naiingiza ndani ya nyumba Oktoba, iko chini ya taa za LED, ni mwaka mzima kijani na ina afya. Kwa hiyo kusema lazima ilale si kweli kwa wote.

MwanaMersey

Nuru hapo hatupingani dada, wewe umempa kitu ambacho grinhausi ya Desemba haina, yaani mwanga. Ukiwa na taa za saa 14 na chumba cha nyuzi 20 na kitu mmea utaendelea tu. Ninachokipinga ni joto bila mwanga. Ila nikuulize, hizo saa 14 za taa hujazipunguza? Kama unataka majani na uzuri wa mmea ndani, sawa kabisa. Kama unataka tangawizi ya kuvuna jaribu kushusha saa za taa taratibu mpaka 11 au 10 kwa wiki kadhaa uone chini kunatokea nini.

Nuru_Leeds

Sikuwahi kufikiria kupunguza taa. Yangu ni kweli ina majani mengi na chini ni vidole vyembamba tu, nilikuwa najiambia ndivyo ilivyo ya chungu. Najaribu.

Mkulima_Limuru

Hamjambo nyote. Mimi niko Limuru, na watu hudhani Kenya yote ni joto, hapa tuko juu zaidi ya mita 2,000 na mwezi wa saba usiku huwa baridi kweli, ukungu kutoka asubuhi hadi mchana. Niko na grinhausi ya mbao na nailoni ilikuwa ya nyanya, nyanya zikapigwa na mnyauko nikaacha. Sasa nimeona bei ya tangawizi Nairobi nikaamua nijaribu humo ndani. Mna maoni gani? Na hii mambo ya siku kufupika kwetu haipo, mchana ni saa 12 mwaka mzima.

MwanaMersey

Karibu sana ndugu. Kwako hesabu ni nyingine, mchana wa saa 12 ni mfupi wa kutosha kwa tangawizi kunenepa wakati wowote, adui yako ni baridi ya Juni mpaka Agosti. Panda ili miezi hiyo ikute mmea umekaribia kukomaa au bado uko kwenye trei unachipuka mahali pa joto, usikubali baridi ikukute na mmea wa miezi miwili. Kwa nailoni, funga pembeni mapema saa 10 jioni kabla joto la mchana halijatoka. Ila ule mnyauko wa nyanya unanitia wasiwasi sana, ngoja wataalamu waje hapo.

BwanaShamba_Moro

Nimekuja. Mimi ni bwana shamba mstaafu, nipo Morogoro, na hili la mwenzetu wa Limuru naomba alisome mara mbili kabla hajatoa hata senti.

Mnyauko wa nyanya kwenye grinhausi mara nyingi ni wa bakteria, Ralstonia solanacearum, na ukoo huohuo wa bakteria ndio unaoua tangawizi. Aina zinazoshambulia nyanya na zinazoshambulia tangawizi si lazima ziwe zilezile, lakini mimi sitamshauri mtu apande tangawizi kwenye udongo ulioua nyanya. Bakteria huyu anakaa ardhini muda mrefu, anasafiri na maji, jembe, viatu, na kwa tangawizi zaidi ya yote anasafiri ndani ya mbegu yenyewe.

Hapa ndipo penye jambo zito la tangawizi. Haizai mbegu za kupanda, tunapanda kipande cha mmea wa jana, ambao ni kipande cha mmea wa juzi, kwa hiyo ugonjwa ukishaingia tunaupanda kwa mikono yetu wenyewe kila msimu. Hawaii waliumizwa na mnyauko huu, na Chuo Kikuu cha Hawaii wakafanya kazi ya kuotesha tangawizi ndani ya grinhausi kwenye vyungu na mifuko, udongo safi usiogusa ardhi, wakaongeza udongo kadiri inavyokua, lengo likiwa kupata mbegu isiyo na ugonjwa. Hiyo ndiyo faida ya grinhausi kwa sisi wa nchi za joto, wala si joto lake. Ni kuitenga tangawizi na ardhi.

Kwa hiyo wewe wa Limuru fanya hivi. Usiguse ile ardhi. Tandika nailoni nzito chini yote, weka mifuko au viroba vyenye kokopiti na mboji iliyoiva vizuri, inyanyue juu ya matofali au kichanja ili maji yanayotoka mfuko huu yasiingie mfuko ule, weka ndoo ya dawa ya kuchovya viatu mlangoni. Kisu cha kukatia mbegu ukichovye kwenye dawa ya klorini kila unapohama kipande kimoja kwenda kingine, na usafishe maana klorini inakula chuma.

Jinsi ya kutambua: mmea wenye mnyauko bakteria unanyauka haraka, majani yanajikunja kuanzia chini yakiwa bado na ukijani, shina ukilivuta linang'oka kirahisi kwenye kitako. Likate, simamisha kipande kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye jeraha, ng'oa mmea na udongo wake wote utoe nje. Kuna ukungu wa fusari, huo unakuja polepole, majani ya chini yanageuka njano kwanza pembeni, mmea unadumaa lakini hauanguki upesi. Na kuna kuoza kwa pithiamu (kiumbe kidogo mfano wa ukungu), huko tangawizi inakuwa rojorojo na harufu mbaya, karibu mara zote ni maji yamezidi na udongo hauna pa kupumulia. Dawa ya hayo yote ukishachelewa ni moja, kutoa mmea.

Mkulima_Limuru

Mzee wangu shukrani sana, nilikuwa nimeshalima ile ardhi nikaweka na samadi, sasa nimesimamisha. Mifuko inapatikana hapa, kokopiti pia. Na mbegu nitoe wapi, ile ya sokoni inafaa?

BwanaShamba_Moro

Ya sokoni hujui ilitoka shamba gani wala lina nini. Kama unaweza, nenda shambani mwenyewe ukaione imesimama, uchague mimea yenye afya. Ukilazimika kutumia ya sokoni basi mwaka wa kwanza panda kidogo, kila kipande mfuko wake, na uhesabu kwamba huo ni mwaka wa kutengeneza mbegu yako. Kitakachopita salama mpaka mwisho ndicho utakachozidisha. Wenye haraka ndio wanaoujaza ugonjwa grinhausi nzima.

Mpare wa Myamba

Bwana shamba Mungu akupe maisha. Hilo la kisu na la kutenga mbegu niliwahi kulisikia kwenye mafunzo lakini wengi tulilichukulia la wataalamu tu. Nitalipeleka kwenye kikundi chetu.

Bi Mize

Assalaam alaykum wanangu. Miye niko Muscat, asili yangu Unguja, na grinhausi yetu huku kazi yake ni kupoza. Nje kiangazi ni zaidi ya nyuzi 40 na upepo mkavu, mtu akisikia grinhausi Uarabuni anadhani tumerukwa na akili. Mwanangu amejenga ndogo ya neti na nailoni, ina feni upande mmoja na ule ukuta wa makaratasi yenye kupitisha maji upande wa pili, hewa inaingia imepoa na ina unyevu. Tangawizi imo, na manjano, na iliki moja ambayo bado haijatoa ua. Tangawizi ncha za majani zinakauka kahawia lakini udongo una maji. Ni joto tu au kuna jengine?

MwanaMersey

Wa alaykum salaam bi mkubwa, shikamoo. Maji unayonyweshea ni ya bomba au ya kisima?

Bi Mize

Marhaba mwanangu. Ya kisima, ya bomba tunaona ghali.

BwanaShamba_Moro

Basi bibi ni chumvi hiyo. Visima vingi vya pwani huko vina chumvi, na tangawizi ni mmea usioivumilia, chumvi inakusanyika kwenye chungu na inaonekana kwanza kwenye ncha za majani. Tumia ya bomba kwa tangawizi peke yake maana ya kwenu ni ya bahari iliyosafishwa haina chumvi hiyo, na kwanza kabisa mimina maji hayo mengi kwenye kila chungu mpaka yatoke chini kwa wingi, rudia, yasafishe chumvi iliyokwishakaa. Ile ya kisima ibaki kwa mitende. Kivuli chako kiwe kizito kuliko cha wenzako wa Ulaya, asilimia 50 ni sawa.

Bi Mize

Ahsanteni sana. Na iliki?

BwanaShamba_Moro

Iliki ni mtoto wa msitu bibi, inataka kivuli kizito, hewa yenye unyevu wakati wote na usiku wa baridi kidogo, ndiyo maana kwetu inakaa milima ya Usambara chini ya miti mikubwa. Na inachukua miaka mitatu hivi ndiyo inaanza kuzaa. Uitunze karibu kabisa na ule ukuta wa maji.

Kaka_Minnesota

Nimechelewa kwenye uzi lakini nichangie. Huku Marekani kaskazini wakulima wadogo wanalima tangawizi changa kwenye yale mabanda marefu ya nailoni, wanachipusha ndani kuanzia Februari au Machi, wanapanda bandani udongo ukishapata joto, wanavuna Septemba na Oktoba kabla baridi haijakaza. Virginia State University wamekuwa wakiwafundisha wakulima kilimo hiki. Sisi baridi yetu hairuhusu kusubiri miezi 10, kwa hiyo tunavuna miezi 5 au 6 baada ya kupanda, ikiwa nyeupe na waridi, haina ngozi, haina nyuzi, unaikata kama tango. Wateja wa Kiasia na wa kwetu wanaigombania. Ubaya wake haikai, siku chache kwenye friji inaanza kusinyaa, bora ugandishe. Na mashina na majani msitupe, yana harufu nzuri sana kwenye chai na supu.

Kwa hiyo MwanaMersey kwa watu wasio na mkeka wa umeme kabisa, washauri wavune changa. Hawatapata mbegu ya mwakani lakini chakula watapata.

MwanaMersey

Hii nzuri sana kaka, na ni kweli changa haifai kuwekwa mbegu, haina ngozi ya kuilinda. Mimi huwa nafanya nusu kwa nusu, vyungu vingine navuna Oktoba changa kwa achari na chai, vingine naviacha mpaka majani yalale yenyewe, nasimamisha maji wiki mbili tatu, ndipo nachimba.

Halafu wadau wa Liverpool mnaopita hapa, jueni kwamba aliyeipa tangawizi jina lake la kisayansi linalotumika mpaka leo, Zingiber officinale, alikuwa mtu wa mji huu, William Roscoe, mmoja wa walioanzisha bustani ya mimea ya Liverpool, na jamii hii ya tangawizi ndiyo aliyoishughulikia sana. Ilikuwa 1807. Na mwaka huohuo akiwa mbunge wa Liverpool aliunga mkono bungeni kupigwa marufuku biashara ya watumwa, kwenye mji uliokuwa unatajirika kwa biashara hiyo. Mimi mtu huyo namheshimu kwa yote mawili.

Mama Shadya

Mashaallah hilo sikulijua. Kaka na wadudu je? Nimeona vitu vidogo chini ya majani na utando kama wa buibui, majani yana vidoti vyeupe.

MwanaMersey

Utitiri mwekundu huo dada, anapenda hewa kavu yenye joto, yaani grinhausi ya Julai iliyofungwa. Asubuhi mwagia maji sakafuni na chini ya meza, unyevu wa hewa ukae asilimia 60 mpaka 80, na kila siku mbili osha chini ya majani kwa maji ya kunyunyiza. Ikizidi, wanauza wadudu wazuri wanaowala utitiri, Phytoseiulus persimilis, unawamwaga juu ya majani wanafanya kazi wenyewe, ila ukishawaweka hao usipige dawa yoyote ya sumu maana utawaua wao kwanza.

Juma_Coventry

Wakuu mimi mgeni kwenye mambo haya. Leo nimenunua tangawizi nzuri sana dukani kwa Wahindi, ina macho ya kijani yameanza kuchomoza, na ni mwanzo wa Novemba. Nina grinhausi lakini haina umeme. Nipande sasa hivi au?

MwanaMersey

Usipande mdogo wangu. Ukipanda sasa itatoa vichipukizi vyembamba vinavyotafuta mwanga ambao haupo. Iweke kwenye boksi lenye kokopiti kavu au mchanga mkavu, chumba kisichopashwa joto sana, nyuzi 12 mpaka 15, usiiweke kwenye friji wala kwenye grinhausi isiyo na umeme. Iangalie kila baada ya muda, inayolegea au kuota ukungu itoe. Februari mwishoni ilete mahali pa joto ndani ya nyumba, juu ya kabati lenye tanki la maji ya moto panafaa kama unalo, ichipushe kwenye trei kama nilivyoeleza juu, na kwenye grinhausi iingie Juni, siyo Mei kama yangu, kwa sababu wewe huna mkeka. Septemba funga milango mapema jioni, zungushia nailoni ya mapovu, na uvune changa kama alivyosema Kaka_Minnesota.

Juma_Coventry

Tanki ninalo. Shukrani mkuu, boksi nalitengeneza leo usiku.